Kompyuta ya nyumbani inasumbua: itengenezwe au ibadilishwe?

Swali la kompyuta hudumu miaka mingapi huulizwa siku mashine inapoanza kusumbua. Likiulizwa siku hiyo, jibu la miaka peke yake halisaidii kitu. Nikibanwa nitaje miaka, nitasema hivi: laptopu mpya ya bei ya chini, ile ya plastiki nyepesi, ihesabie miaka minne au mitano. Laptopu iliyotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad, inaweza kufika miaka minane hata kumi ikitunzwa. Kompyuta ya mezani huishi zaidi ya hapo kwa sababu karibu kila kilichomo ndani yake kinafunguka na kubadilishika.

Lakini kompyuta haichakai yote kwa pamoja. Diski huchoka kivyake, betri kivyake, feni kivyake, na Windows nayo ina umri wake. Mashine nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zina ugonjwa mmoja tu, tena wa bei ndogo. Ndiyo maana nasema anza na dalili, ndipo uzungumzie kununua.

Kabla ya yote: ina umri gani hasa?

Laptopu nyingi majumbani kwetu ni za mtumba. Zilitumika ofisini Ulaya au Marekani miaka mitatu minne, zikauzwa kwa jumla, nyingine zikapitia Dubai, ndipo zikafika Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi. Kwa hiyo mwaka uliouandika kwenye risiti si mwaka wa kuzaliwa kwake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Utaona tarehe ya BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows, ila hiyo inaweza kudanganya, kwa sababu BIOS ikisasishwa tarehe nayo hubadilika. Jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, lililo kwenye dirisha hilohilo, ndilo lisilodanganya.

Ukisoma i5-6300U, ile 6 ni kizazi cha sita, kilichoanza kutoka mwaka 2015. i5-8350U ni kizazi cha nane, mwaka 2017. i5-10210U ni kizazi cha kumi, na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Andika namba hiyo mahali. Itakuja kuamua mambo tukifika kwenye Windows.

Inachelewa kuwaka, inaganda, kila kitu kinajivuta

Hii ndiyo dalili inayouzisha kompyuta nyingi kuliko zote, na ndiyo yenye tiba rahisi kuliko zote.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager. Iache dakika kadhaa baada ya kuwasha, kisha tazama safu tatu: ya prosesa, ya memori na ya diski. Safu ya diski ikiwa imeng'ang'ania asilimia 100 huku prosesa haina kazi ya maana, mashine yako haijazeeka. Ina HDD, ile diski yenye sahani zinazozunguka. HDD ya laptopu kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika na husoma karibu megabaiti 100 kwa sekunde mafaili yakiwa yamepangana. Yakitawanyika, kasi hiyo huporomoka vibaya, kwa kuwa kichwa cha kusomea lazima kihame huku na huko. SSD, diski ya chipu, ile ya kawaida ya aina ya SATA, husoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde na haina kinachozunguka. Windows 10 na 11 husomasoma diski muda wote, hivyo kuziendesha juu ya HDD ni kuzitesa.

Mpe fundi anakili diski nzima kwenda kwenye SSD, urudi nyumbani na mafaili na programu zako zilezile. Nasema bila kusita: laptopu ya kizazi cha sita yenye SSD inapendeza kutumia kuliko laptopu mpya dukani yenye HDD. Kama utabadilisha kitu kimoja tu katika maisha ya kompyuta yako, kiwe hiki.

Ikiwa safu iliyojaa ni ya memori, tatizo ni RAM, yaani memori ya kufanyia kazi. GB 4 zilitosha zamani. Leo kivinjari chenye kurasa kumi kinazimaliza peke yake. Panda hadi GB 8. Kabla hujalipa, hakikisha RAM ya mashine yako inachomoka. Laptopu nyingi nyembamba, MacBook Air zikiwamo, zina RAM iliyochomewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, na hapo hakuna cha kuongeza.

Ikiwa ni prosesa iliyojaa, bofya safu hiyo uone programu ipi iko juu. Mara nyingi ni masasisho yanayopakuliwa, na yakiisha hutulia. Ikiwa ni programu usiyoitambua, iliyoingia pamoja na filamu au "Office ya bure", futa, kisha changanua kwa Windows Security. Halafu ingia sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe uzime zisizo na kazi. Prosesa ikijaa kwa kazi za kawaida tu, barua na kivinjari, na SSD ipo, RAM ipo, basi kweli prosesa imezidiwa na wakati. Hiyo haibadilishiki kwenye laptopu za kawaida.

Diski inagonga, mafaili yanapotea

Ukisikia tak, tak, tak kutoka ndani, au ukaona folda zinafunguka kwa dakika nzima na nyingine zinasema zimeharibika, acha mengine yote. Usiizime na kuiwasha ukijaribu bahati. Chomeka diski ya nje, toa kwanza vile visivyopatikana tena popote: picha za familia, vyeti, kazi za shule, hesabu za biashara. Upimaji ufuate baadaye. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu za diski yenyewe na kukuonyesha rangi. Ya njano ni onyo, nyekundu ni kwamba diski haiaminiki tena. Diski hiyo itolewe, mashine ibaki.

Diski ya elfu kadhaa ikifa na picha za arusi ndani yake, hakuna fundi wa mtaani atakayezirudisha, na wale wenye vyumba maalumu vya kazi hiyo hutoza kuliko bei ya kompyuta. Bekapu, yaani nakala ya akiba, ifanyike mashine ikiwa nzima.

Inachemka, feni inalia, inazima ghafla

Prosesa hujilinda. Joto likipanda, kwanza hupunguza kasi yake yenyewe, na likikaribia nyuzi 100 hujizima ili isiungue. Kwa hiyo mashine inayokuwa nzito baada ya nusu saa ya kazi, kisha ikapona ikipoa, ina ugonjwa wa joto wala si wa uzee.

Kati ya feni na njia ya hewa kuna mapezi madogo ya chuma, na vumbi hujikusanya hapo hadi likawa kama blanketi. Kupuliza kwa mdomo kutoka nje hakulitoi; hulisukuma ndani. Mfuniko ufunguliwe, vumbi litolewe kwa brashi, na ile grisi ya joto iliyoko kati ya prosesa na bamba la shaba ipakwe upya, kwa sababu baada ya miaka kadhaa hukauka na kupasuka. Feni ikiwa inakwaruza, ibadilishwe.

Kwa mikoa yenye vumbi, Dodoma au Shinyanga, kazi hii ifanyike kila mwaka. Pwani shida ni nyingine: hewa ya chumvi na unyevu hula viunganishi. Nyumba iliyo karibu na bahari, kompyuta isikae dirishani. Na kitandani isiwekwe kabisa, kwani matundu ya hewa yako chini na godoro huyaziba.

Haikai na chaji

Betri ya lithiamu ni kitu cha kutumika na kuisha. Nyingi za laptopu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 300 hadi 500, mara nyingi miaka miwili au mitatu ya matumizi ya kila siku. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, na Windows itaandika ripoti na kukuonyesha imeihifadhi wapi. Linganisha namba mbili: uwezo ambao betri ilitengenezwa nao, na uwezo inaoshika sasa ikijaa. Ikiwa ya pili haifiki nusu ya ya kwanza, nunua betri. Usinunue kompyuta.

Lakini kuna hali moja isiyosubiri. Padi ya kipanya ikianza kuinuka, au mfuniko wa chini ukawa haukai sawa, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze, usiitoboe, usiendelee kuitumia hata kwa siku moja. Betri iliyovimba inaweza kushika moto. Ipeleke ikatolewe, na laptopu nyingi huendelea kufanya kazi kwa umeme wa ukutani mpaka upate nyingine.

Halafu kuna chaja, nayo husingiziwa uzee wa kompyuta. Laptopu za Dell huwasiliana na chaja yake kupitia kisindano cha katikati ya plagi. Ukichomeka chaja ya kuiga, au kisindano kikipinda, mashine haiitambui: itawaka, lakini betri haitachaji na prosesa itapunguzwa kasi kwa makusudi. Mtu anaona kompyuta imekuwa nzito ghafla, kumbe ni chaja. Azima chaja halisi kwa jirani, ujaribu, kabla ya kufungua chochote.

Tarehe inarudi nyuma, tovuti zinakataa kufunguka

Ukiwasha kila asubuhi na saa inaonyesha mwaka mwingine kabisa, na kivinjari kinakuonya kwamba kila tovuti si salama, hata ya benki, intaneti yako ni nzima. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini leo ni mwaka 2015, inaviona vyote ni batili. Sababu ni betri ndogo ya duara kwenye mazabodi. Kwenye kompyuta za mezani ni CR2032, ileile ya volti 3 inayouzwa kwa mafundi saa. Laptopu nyingi hutumia ya aina hiyo pia, ila imefungwa kwa waya na plagi ndogo. Hii ni tiba ya bei ya soda chache.

Haiwaki, au inawaka bila picha

Usikimbilie kusema mazabodi imekufa. Ikiwa taa zinawaka na feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, chomeka kwenye televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kule, kompyuta ni nzima. Tatizo ni kioo au waya wake. Mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande: ukiona maandishi kwa mbali, ni taa ya nyuma ya kioo iliyokufa.

Ikiwa hata televisheni haina kitu, au mashine inapiga mlio kwa kurudiarudia, zima, toa betri na chaja, chomoa RAM, safisha meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka ibonyee vizuri. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Huku pwani hii peke yake hufufua mashine nyingi, kwa sababu ya ule unyevu.

Laptopu isiyotoa dalili yoyote ya uhai: bado anza na chaja, ipimwe kwa multimita, kipimo cha umeme. Kisha toa betri ikiwa inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika, jaribu tena kwa chaja tu. Isipoitika, sasa ndipo mazabodi inashukiwa. Mazabodi iliyomwagikiwa chai yenye sukari ndiyo mbaya zaidi. Hukauka juu juu ikawaka, halafu kutu ikaendelea kuila ndani kwa wiki kadhaa. Fundi akikwambia ameitengeneza mara ya pili na imekufa tena, usimlipe ya tatu.

Kwa ya mezani, kwanza tazama pawasaplai, kile kiboksi cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani. Umeme wetu ni wa volti 230, nao ukikatika na kurudi hurudi kwa kishindo. Weka UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na ukumbuke betri ya UPS nayo huisha baada ya miaka mitatu hivi. Ikianza kulia na kuzima papo hapo, imebaki boksi tu. Na kama umenunua mashine ya mtumba iliyotoka Marekani, angalia nyuma kama pawasaplai ina swichi ndogo nyekundu. Ikiwa imeachwa kwenye 115, usichomeke ukutani kabla hujaisogeza hadi 230, kwani pawasaplai italipuka palepale. Chaja za laptopu hazina shida hiyo. Nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240.

Kibodi, bawaba na soketi ya chaji zote ni vipuri vya kawaida. Hazitoshi kuistaafisha kompyuta.

Ni nzima kabisa, ila Windows imeachwa nyuma

Huu ndio uzee wa kweli unaozikuta kompyuta nyingi za nyumbani sasa hivi, na hauonekani kwa macho. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 10. Siku iliyofuata kompyuta ziliwaka kama kawaida, na hapo ndipo wengi walipotulia. Kinachokosekana ni viraka vya usalama. Kila tundu jipya litakalogunduliwa litabaki wazi, na kwenye mashine unayoingilia benki au akaunti ya kodi, hilo si jambo la kuacha lilivyo.

Windows 11 inataka mashine yenye TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache mno za kizazi cha saba. Rudi kwenye namba uliyoiandika mwanzoni.

Ikiwa yako ni kizazi cha nane na bado unaambiwa haifai, usikubali haraka. Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc. Mara nyingi TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS, au mashine imewekwa katika hali ya zamani ya kuwaka. Fundi anaiwasha kwa dakika chache na mashine inapata miaka mingine mbele.

Ikiwa ni kizazi cha saba kushuka chini, zipo njia. Ya kwanza: Microsoft iliweka mpango wa kuwaongezea watumiaji wa nyumbani masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiunga ukiwa ndani ya Windows Update, kwa akaunti ya Microsoft. Hiyo inakupa muda wa kukusanya pesa, si suluhisho la kudumu. Ya pili: mafundi wengi huweka Windows 11 kwa kuruka masharti. Inafanya kazi, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na tangu toleo la 24H2 prosesa za zamani sana kama Core 2 Duo haziwaki nalo kabisa. Nisingeiweka kwenye kompyuta ya hesabu za duka.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda: Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, ina masasisho, na kwenye kizazi cha nne chenye SSD inakimbia vizuri. Kwa mwanafunzi anayesoma mtandaoni, anayeandika insha na kutazama video, haina inachokosa. Iweke kwenye flashi, uwashe mashine kwa flashi hiyo, utumie jioni nzima bila kugusa diski, uone kama printa na Wi-Fi zinaitika. Kama kazi yako inategemea programu ya uhasibu ya Windows au Excel yenye makro, hii si njia yako.

Kwa wale ambao bado wako kwenye Windows 7 au 8.1: kurasa kukataa kufunguka kunatokana na kivinjari kilichogandishwa. Chrome toleo la 109, la mwaka 2023, ndilo la mwisho kwao. Mtandao wenu hauna kosa.

Sasa, ibadilishwe lini?

Mimi hupima hivi. Uliza bei ya mashine kama yako ilivyo sokoni leo, ya mtumba na nzima. Matengenezo yakizidi nusu ya bei hiyo, simama. SSD na RAM sizihesabu humo, maana unaweza kuzichomoa ukaondoka nazo, mradi zinaingiliana na mashine utakayonunua. Mazabodi ikiwa imekufa, badilisha. Kioo, betri na bawaba vikidai pesa kwa wakati mmoja, badilisha. Kizazi cha saba kushuka chini, kazi yako haiwezi kuachana na Windows, na mwezi Oktoba 2026 umekaribia au umepita, badilisha. Kwa kazi za shule na ofisi ndogo, nje ya hayo bado ina maisha.

Ukinunua nyingine ya mtumba, usishuke chini ya kizazi cha nane hata ukipunguziwa bei vipi. Dai uiwashe mwenyewe dukani, uendeshe ile ripoti ya betri, na uingie BIOS kuona kama ina nenosiri. Mashine iliyotoka kampuni ikiwa bado na nenosiri la BIOS, achana nayo. Muuzaji akisema litatolewa kesho, rudi kesho litakapokuwa limetolewa.

Na ya zamani, kabla haijaondoka nyumbani, toa diski yake. Ikiwa nzima, inunulie kasha la USB iwe diski ya bekapu. Ukiuza mashine pamoja na diski, usitosheke kufuta mafaili, maana yanarudishwa kirahisi; tumia sehemu ya kuirudisha Windows upya na uchague kusafisha diski nzima. Betri isitupwe jalalani wala kuchomwa na takataka. Nairobi kuna WEEE Centre na Rwanda kuna kiwanda cha Bugesera, vinavyopokea taka za umeme. Penginepo, mpe fundi anayenunua mashine mbovu kwa ajili ya vipuri, na umwambie wazi kilichokufa ni nini.